Sahani ya Wazee

Bibi Euthalia alimjia binti yake ndotoni mara tatu
mwezi ule ambao paa la nyumba lilikuwa bado turubai la buluu,
na mara zote tatu alisema neno moja: Njaa.
Hakuuliza habari za kimbunga.
Hakuuliza nani amekufa, nani anaoga kwa ndoo.
Njaa, basi,
kama mtu aliyerudi kazini akakuta jiko limezimwa.

Kwa hiyo mama mdogo Ismay akauza beberu mmoja,
akachinja wa pili, akanipigia simu Huddersfield
usiku wa manane:
"Njoo. Dada yangu angalikuwa hai angekuja.
Lete kitambaa cheupe cha meza,
vyangu vyote vilikwenda na upepo."

Carriacou ni kisiwa unachoweza kukivuka
kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.
Hapa sadaka ya wafu huitwa saraka.
Neno lilivuka maji likang'oka jino moja tu;
uso ni ule ule.

Tukatandika. Wali wa kuviringwa,
sima ya mahindi yenye mbaazi, kuku asiyetiwa chumvi,
glasi ya ramu, glasi ya maji, mshumaa.
Tukafunga mlango wa chumba, tukawaacha wenyewe wale.

Uani, Cosnel, ambaye mchana ni fundi bomba,
akashusha ngoma tatu kutoka garini:
vipipa vya ramu vilivyovikwa ngozi ya mbuzi.
Ile ya kukata ina uzi uliotungwa sindano juu ya ngozi,
ili sauti isipite bila kukwaruzwa.

Kwanza magoti. Ukoo mzima chini, kuomba radhi
kwa tuliyoyakosa na tusiyoyajua.
Jiwe moja lilinichoma gotini. Nililiacha.

Mimi nilikuja na karatasi mfukoni.
Nilikuwa nimechimba daftari la shamba la pamba,
mstari wa arobaini na moja:
Minerva (jina la karani, si lake), miaka ishirini na sita,
kovu shavu la kushoto.
Kwao: Afrika.
Kana kwamba Afrika ni kijiji chenye kisima kimoja.

Ngoma haikuuliza karatasi.
Iliita Kromanti, wa Kromanti wakaingia duarani.
Iliita Igbo, jirani wa ng'ambo ya barabara
akamkabidhi mtu mwingine mtoto wake.
Temne: bibi mmoja aliiegemeza fimbo ukutani
akaisahau hapo.
Mandinka. Chamba. Moko.
Ismay amekaa. Miguu imevimba kwa sukari,
imejazana ndani ya kandambili.
"Sisi labda ni wa hakuna," akaniambia,
akicheka, bila kucheka.

Kisha Kongo.
Kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza peke yake.
Ismay akakitazama
kama unavyomtazama mtoto wa watu
aliyeingia kwako bila hodi.
Kikafuata kisigino. Ikafuata nyonga.
Wimbo wenyewe hakuna aliyejua maana yake;
maneno yalikwisha njiani, yakabaki magoti.
Nilimwona akizunguka, sketi imeshikwa ncha mbili,
na ile karatasi mfukoni
ikalowa jasho langu.

"Usiandike sana," Cosnel aliniambia akipakia ngoma.
"Wengine hapa hucheza taifa la mume,
mume akiondoka wanarudi kwa baba."
Akadai nauli ya petroli.

Alfajiri tukafungua chumba. Watoto walikuwa wamepanga foleni,
kwa maana kilichobaki ni chao.
Mshumaa umelala. Ramu imepungua, au imepaa.
Na kwenye wali, pembeni, kishimo,
upana wa vidole vitatu.

"Panya," nikasema.

Ismay aliinama, akanusa, akanyamaza kitambo.
"Mama alikuwa akila hivyo," akasema,
"kuanzia pembeni.
Katikati daima alidhani kuna moto."